HOTUBA YA MWENYEKITI: ASIKIZWE KWANZA, NDIPO AHUKUMIWE

(Iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka 10. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa wanawake 14 chini ya mwembe, na sanduku letu lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia. Leo tuko 32. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu na funguo tatu, na wenye funguo hawalali nyumba moja. Wengine wenu mmejenga, wengine mmesomesha. Mambo ya hisa, mikopo na mizinga ya nyuki yameandikwa vizuri na katibu wetu katika kurasa nyingine za kitabu hiki, kwa hivyo mimi sitayarudia.

Mimi nimeombwa niseme jambo moja ambalo kikundi kimejifunza katika miaka hii 10. Nimefikiri sana. Ningeweza kuwaambia umuhimu wa kuweka akiba, lakini hilo hata watoto wenu wanalijua. Nimeamua kusema juu ya ile barua ya ushuru ya mwaka 2021. Najua wengine mtainamisha vichwa. Hata mimi nainamisha changu. Lakini kama hatukuisema leo, wanaokuja nyuma yetu wataangukia shimo lile lile.

Kwa faida ya wageni, nianze mwanzo. Huku kwetu Kilifi maembe yakiiva yanaiva yote kwa pamoja. Ngowe, boribo, dodo, yanaoza chini ya miti na wanunuzi wanatoa bei ya dharau. Ndiyo maana tulianza kukamua juisi na kuitia chupani. Asali pia tulitia chupani. Biashara ikaenda, maduka ya barabarani yakachukua, na sisi tukajiona tumefika.

Jambo tusilolijua ni hili. Juisi ya matunda ukiitengeneza kwa biashara na kuitia chupani, serikali inaitoza ushuru wa bidhaa. Ni ule ushuru unaotozwa sigara, pombe, soda na vitu vingine. Sheria yake ni ya mwaka 2015, na ilipoanza juisi ilikuwa shilingi 10 kwa lita. Mtengenezaji lazima awe na leseni. Na tangu Novemba 2019 kila chupa ya juisi na ya maji lazima iwe na stempu. Sisi hatukuwa na leseni wala stempu. Hatukukusudia kuiba, lakini kutojua sheria si kinga. Nasema haya mapema ili mtu asifikiri nimesimama hapa kuwafundisha kukwepa ushuru. Barabara na zahanati hutoka humo.

Basi mwezi wa Juni mwaka 2021 ikaja barua. Maofisa walikuwa wamepita kwa muuza chupa na kuona tumenunua chupa 24,000 katika miaka miwili. Wakahesabu kila chupa kuwa nusu lita ya juisi, yaani lita 12,000. Wakajumlisha ushuru, riba na faini, ikawa shilingi 186,000. Kwa tajiri hizo si pesa. Kwetu zilikuwa karo ya Julai, maana mwaka ule wa korona shule zilikuwa zinafungua mwaka mpya mwezi wa Julai, na mama 19 walikuwa wameomba mkopo wa karo. Pesa zilikuwa hizo hizo zilizo sandukuni.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa, na hapa nasema ukweli mbele ya Mungu.

Barua ilipokewa bandani na mweka hazina wetu. Katiba yetu ya wakati huo ilisema karatasi zote za serikali ziwekwe sandukuni. Akaitia sandukuni. Jioni akanipigia simu akaniambia, "Mama, kuna barua ya ushuru imekuja." Mimi nilikuwa kwenye matanga, nikamjibu, "Iache mpaka mkutano." Nikasahau. Sanduku halifunguliwi mpaka mkutano wa mwezi. Tulipolifungua siku 21 zilikuwa zimepita, na barua ilikuwa imesema tuna siku 30 za kuipinga.

Mkutano ukawaka moto. Kila mtu akauliza nani aliyeficha barua. Nami, badala ya kusema niliambiwa, nilimgeukia mweka hazina. Nilisema mtu asiyeweza kutoa taarifa hafai kushika pesa za watu. Alisimama aseme, tukamwambia kaa chini. Alisimama mara ya pili, watu wakapiga makelele. Tukapiga kura ya mikono, akaondolewa kazini na kusimamishwa uanachama, yote katika muda usiofika robo saa. Aliweka ufunguo wake mezani akaenda zake. Nilimwona akitembea kwenye jua bila kujifunika leso kichwani, na sikusema neno.

Baada ya hapo ndipo tukaisoma barua yenyewe. Mambo matatu yalipendekezwa. Wa kwanza walisema tulipe zote tumalizane, watoto wakae nyumbani muhula mmoja. Wa pili walisema kuna mtu mjini anayejua watu, apewe elfu 40 na barua itapotea. Wa tatu walisema tuzike chupa, tuseme hatujui kitu. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, mume wa mwanachama wetu, alikuwa ameketi nje akingoja mkewe. Akaomba ruhusa kuingia. Akasema, "Nyinyi mmedaiwa, hamjahukumiwa. Kwa nini mnakimbia kabla hamjasikizwa?"

Mwalimu huyo ndiye aliyetufungua macho. Alituletea Katiba ya nchi ya mwaka 2010, akatusomea polepole. Nitasema niliyoyashika, kwa maneno yangu ya darasa la saba.

Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa wala kusamehewa isipokuwa kwa sheria. Maana yake ofisa hawezi kukutoza kwa kutaka kwake, wala hawezi kukusamehe kwa kutaka kwake. Kwa hivyo yule wa elfu 40 alikuwa anauza kitu kisicho chake.

Kifungu cha 47 kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka, kwa sheria na kwa njia ya haki. Na kama uamuzi utamwumiza, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Kifungu cha 50 kinasema mgogoro wowote unaoweza kuamuliwa kwa sheria, mtu ana haki uamuliwe kwa haki na hadharani, mbele ya korti au baraza lingine lililo huru na lisilopendelea.

Haki hiyo haisemi "mtu tajiri" wala "kampuni". Inasema kila mtu. Mama wa maembe naye yumo.

Halafu kuna sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka 2015, nayo inaonyesha njia yenyewe. Nitaitaja hatua kwa hatua kwa sababu kitabu hiki mtakwenda nacho nyumbani.

Hatua ya kwanza. Ukiletewa hesabu ya ushuru usiyokubaliana nayo, unaandika pingamizi kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa. Kusema kwa mdomo hakutoshi, ni lazima uandike.

Hatua ya pili. Pingamizi halikubaliwi kama ni kilio tu. Lazima useme wazi unapinga nini, unataka hesabu irekebishwe vipi na kwa sababu gani, na uambatanishe karatasi za kuthibitisha. Na ile sehemu ya ushuru usiyoipinga, lazima uilipe au upatane na Kamishna jinsi utakavyoilipa.

Hatua ya tatu. Kama siku 30 zimekupita, mlango haujafungwa kabisa. Unaweza kuomba uongezewe muda, ukiwa na sababu ya kweli kama vile ugonjwa au kuwa nje ya nchi. Lakini "nilisahau" si ugonjwa, kina mama.

Hatua ya nne. Kamishna akishapokea pingamizi lililo sawa ana siku 60 za kuamua. Asipoamua, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Akiamua, lazima aeleze ameona nini na sababu zake.

Hatua ya tano. Usiporidhika, unakwenda Baraza la Rufaa za Ushuru ndani ya siku 30. Baraza hilo lina sheria yake ya mwaka 2013, na si ofisi ya Kamishna. Hapo ndipo penye maana. Aliyekudai hawezi kuwa ndiye anayekaa kiti cha mwisho cha kuamua kama unadaiwa. Kutoka Baraza unaweza kwenda Mahakama Kuu.

Mwalimu akatuambia neno moja ambalo lilitutia baridi. Katika kesi za ushuru, mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mlipaji. Ukisema hesabu ya serikali si sawa, wewe ndiye wa kuonyesha iliyo sawa. Akatuuliza, "Daftari lenu la chupa liko wapi, na nani anayeweza kulisoma?"

Watu wakatazamana. Daftari lilikuwepo. Lakini aliyeliandika miaka yote, mwenye alama zake na mafungu yake, alikuwa ni mweka hazina tuliyemfukuza saa mbili zilizopita.

Usiku ule sikulala. Nyani haoni kundule, lakini usiku ule mimi niliona langu. Tulikuwa tunataka serikali itusikize kabla ya kutuhukumu, na sisi mchana ule ule tumemhukumu mwenzetu bila kumsikiza. Na mshtaki nilikuwa mimi, hakimu nilikuwa mimi, na shahidi aliyenyamaza alikuwa mimi.

Asubuhi nilikwenda kwake peke yangu. Alikuwa anapura mtama. Hakunifukuza, alinipa kigoda. Nikamwambia yote. Akaendelea kupura kidogo, kisha akasema, "Mngeniuliza ningewaambia. Sikatai kusaidia. Lakini mimi nilifukuzwa mbele ya watu 30, sitarudishwa jikoni na mtu mmoja. Nataka nisikizwe kwanza mahali pale pale."

Ilikuwa haki yake. Siku ya pili tukaita mkutano. Mimi sikukalia kiti, maana nilikuwa sehemu ya kesi. Wanachama wawili wasiohusika walikalia, na mzee wa mtaa akashuhudia. Mweka hazina alisema bila kukatizwa. Kisha nikaitwa mimi, nikasema mbele ya wote kwamba aliniambia na mimi nikasahau. Wengine walilia. Alirudishiwa ufunguo wake, na mimi nikatozwa faini ya shilingi 1,000, nikailipa pale pale. Wazee wetu wakiamua kesi chini ya mti hawamwachi mtu aondoke hajasema lake. Sisi tulikuwa na katiba iliyopigwa taipu na tulilisahau jambo hilo.

Zilibaki siku 7. Mweka hazina akafungua daftari na mfuko wa risiti. Chupa 24,000 zikagawanyika hivi. Za juisi nusu lita zilikuwa 11,600. Za asali zilikuwa 9,000, na hizo zilikuwa robo lita, na asali yetu haikuwa katika ushuru huo. Chupa 3,000 zilikuwa bado tupu stoo. Chupa 400 zilipasuka au ziliharibika. Tuliandika hivyo hivyo. Tulikubali kwamba juisi tuliuza na ushuru wake tunadaiwa, ikawa kama shilingi 89,900. Tukalipa elfu 30 na kuomba zilizobaki tuzilipe kwa mafungu, tukakubaliwa. Zile nyingine tukazipinga. Barua ilipelekwa ikiwa zimebaki siku 2, na tukahakikisha nakala yetu imepigwa mhuri.

Baada ya wiki chache tuliitwa mjini. Tulikwenda watatu: mimi, katibu na mweka hazina. Nilikuwa naogopa, nilifikiri tutapigiwa kelele. Ofisa alitukalisha akauliza maswali, na mweka hazina ndiye aliyejibu, ukurasa kwa ukurasa. Daftari lilikuwa la Kiswahili. Nilidhani watalikataa. Kumbe sheria inasema kumbukumbu za ushuru zinaweza kuwekwa katika lugha yoyote kati ya lugha mbili rasmi, na Kiswahili ni mojawapo kwa Katiba ya 2010. Kwa hivyo msiache kuandika kwa sababu hamjui Kizungu.

Jibu lilikuja kabla ya siku 60 kwisha. Asali ilitolewa. Chupa tupu zilitolewa, kwa sababu waliotumwa walikuja stoo kuzihesabu. Zile 400 zilizovunjika zilikataliwa, kwa maana hatukuwa tumeandika popote zilivunjika lini. Jumla ikawa shilingi 93,000 badala ya 186,000. Sababu ziliandikwa kila mahali, hata pale waliposhinda wao. Tulijadiliana kama twende Baraza kwa ajili ya zile 400. Tukaona walichosema ni haki: hatukuwa na ushahidi. Tukalipa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi zetu 400 zilipotea hivyo.

Karo ya Julai tuliitoa, ingawa kwa nusu nusu. Hakuna mtoto aliyebaki nyumbani. Baadaye tulichukua leseni na stempu, na juisi mtakayokunywa leo baada ya hotuba ina stempu yake. Mnaweza kuitazama.

Ndugu zangu, watu wengine huniuliza, "Kwani mlishinda?" Mimi huwajibu kwamba kusikizwa si kushinda. Mnamkumbuka Bwana Okiya Omtatah. Alikwenda Mahakama Kuu kupinga zile kanuni za stempu za mwaka 2017. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ikazifuta, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile, stempu zikaendelea. Mwishoni hakushinda. Lakini serikali nzima ilisimama mbele ya korti kujibu swali la mwananchi mmoja: mlituuliza? Hata sisi, zile chupa 400 tulishindwa. Lakini nililipa nikiwa najua kwa nini nalipa. Pesa inayotoka mfukoni kwa sababu unayoielewa haiumi kama ile unayonyang'anywa gizani.

Kutokana na mambo yale, mwaka huo huo tulibadilisha katiba ya kikundi. Naomba wanachama wapya wayashike haya.

Kwanza, barua yoyote ya serikali ifunguliwe na viongozi wawili ndani ya siku 3, na tarehe iliyopokewa iandikwe juu yake. Hesabu ya siku huanza unapoarifiwa. Haikungojei mpaka uwe na nafasi ya kusoma.

Pili, kila chupa, kilo na shilingi iandikwe, na kinachovunjika kiandikwe siku hiyo hiyo. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Sisi tumesema 7, kwa sababu panya nao wana sehemu yao.

Tatu, watu watatu wajue kusoma daftari, si mmoja.

Nne, mwanachama asiadhibiwe mpaka aambiwe kosa lake, apewe siku 7 za kujitayarisha, asikizwe bila kukatizwa, na waamuzi wasiwe wenye ugomvi naye. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu. Asiporidhika ana haki ya kuuleta mkutano mkuu.

Kipengele hiki cha nne tumeshakitumia mara 3 tangu hapo. Mara mbili aliyeshtakiwa alionekana hana kosa. Fikirini kama tungekuwa bado tunapiga kura ya makelele.

Bwana Chifu, ombi langu kwako ni dogo. Unapoita baraza, waalike watu wa ushuru waje kutueleza kabla ya kutudai. Vikundi vya juisi, maji na sabuni ni vingi katika lokesheni hii, na vingi havijui hata kama vinatakiwa leseni. Afadhali tufundishwe leo kuliko kudaiwa kesho.

Na ombi kwa kina mama. Ukiletewa barua, usiizike. Usimpe mtu wa elfu 40. Usilipe kwa woga, wala usikatae kwa ubishi. Isome, hesabu siku, fungua daftari, andika. Kuuliza si ujinga.

Mwisho, nilimwomba mweka hazina wetu ruhusa ya kusimulia haya kabla sijaandika. Aliniruhusu, kwa sharti nisitaje jina lake na nisijipunguzie kosa langu. Nadhani yote mawili nimetimiza. Bado anashika ufunguo wake mpaka leo, na kila mkutano ukianza, kabla sijafungua kinywa, yeye huniuliza mbele ya watu, "Mama Mwenyekiti, kuna barua?" Watu hucheka, mimi pia hucheka. Lakini hujibu.

Mungu akibariki kikundi chetu, akawabariki na wafadhili na marafiki wote mliofika. Nawatakia miaka 10 mingine ya kusikizana.